Mita Ilisema Safi, Pua Ikasema Waragi

Nianze na betri za msikiti manake ndo zilinitoa usingizini. Zilikuwa nne, zile za asidi za kufungua vizibo, ampia-saa 100 kila moja, zinasukuma spika za adhana na taa za ndani, na fundi wao ni mimi tangu nifungue kibanda changu cha sola na kuchaji betri hapa Arua, Uganda, nyuma ya stendi. Miezi saba tu, sheikh akanipigia simu, adhana ya alfajiri imekatika katikati. Nikaenda na haidromita yangu, kile kifaa cha kupima uzito wa asidi ya betri, nikafungua vizibo, seli moja 1.25, jirani yake 1.12, nyingine kile kielea hata hakiinuki, na ukimulika tochi ndani unaona sahani zimeota utando fulani mweupe unaoelekea kahawia. Sheikh hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza kwa upole tu, "Mwanangu, hivi humu huwa unaweka maji gani?"

Nikamwambia, maji ya betri, sheikh. Na sikudanganya, chupa iliandikwa hivo, maji ya betri, herufi kubwa, maji yenyewe yanang'aa ungedhani ni kioo. Nilikuwa nanunua kwa katoni na sikuwahi hata siku moja kujiuliza yametengenezwa wapi na nani na amejuaje kwamba ni safi.

Sasa niseme kwanza kwa nini fundi wa betri ahangaike na hili, kwa wale mnaodhani maji ni maji. Betri ya asidi ukiichaji inapasua maji yaliyomo ndani, yanageuka gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, zinatoka kwa vizibo zinaenda zake (ndo maana usivute sigara karibu na betri inayochajiwa, tafadhali, kuna kijana namjua hana nyusi). Asidi haitoki, inabaki. Kwa hiyo kiwango kinashuka na wewe unaongeza maji, mwezi ujao unaongeza tena, mwaka mzima hivo. Na kila uchafu ulioingia na maji hauna mlango wa kutokea. Ni kama sufuria unayoongezea mchuzi kila siku na hukuwahi kuiosha. Maji yenye miligramu 300 za chumvichumvi kwa lita, ukiweka lita moja umeacha theluthi ya gramu humo ndani, ukiweka tena umeongeza, na zile si chumvi za mezani tu, kuna chuma ambacho kinafanya betri ijimalizie chaji yenyewe hata ukiizima, kuna kloridi inayokula sahani za upande wa chanya, kuna chokaa inayoganda. Mteja anasema betri ni feki. Mara nyingi betri haikuwa feki.

Baada ya ile aibu nikaagiza mita ya TDS, yaani ya kupima chumvichumvi zilizoyeyuka kwenye maji kwa miligramu kwa lita, kutoka Kampala, kale kadude kama kalamu nene ka kuchovya kwa maji, kakaletwa na basi la usiku. Siku hiyo sikufanya kazi. Nilipima kila kitu kilichokuwa na unyevu. Maji ya bomba ya pale kibandani 74. Kisima cha pampu cha nyuma ya shule, 310, na hicho hata bila mita unaona kutu sababu mabomba ya chuma yaliyozamishwa huko chini yanaoza. Soda, mita ikachanganyikiwa. Mvua, hii ilinishangaza, niliweka beseni safi la plastiki uwanjani wakati mvua imeshanyesha kama nusu saa, nikapata 6, lakini mvua ileile iliyopita kwa mabati ya jirani ilikuwa 33, vumbi na kinyesi cha ndege na kutu. Halafu nikachovya ile chupa ya dukani, maji ya betri, herufi kubwa.

118.

Nikaosha mita nikarudia. 118. Yaani nilikuwa nalipa elfu mbili kwa lita kununua maji mabaya kuliko yale ya bomba langu mwenyewe. Sijui aliyeyatengeneza alikuwa anachota wapi na sitamtaja mtu hapa, sina ushahidi wa kumpeleka popote, lakini katoni iliyobaki nilioshea pikipiki.

Basi kama maji safi hayauzwi, tutayapika. Na kupika kwenyewe, jamani, sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa. Vitabu vingine vinaita kunereka, vingine kukeneka, gereji tunasema tu maji ya betri, lakini ukimuuliza shangazi yangu kule kijijini atakwambia hiyo ni kazi anayoifanya tangu msichana, tofauti yake pipani anaweka muhogo uliochachuka na mimi nataka kuweka maji. Anapika waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Pipa juu ya moto, bomba la shaba linatoka kwa mdomo wa pipa, linapita ndani ya maji baridi, mvuke unapoa unatoka matone upande wa pili. Kanuni ni hiyohiyo. Maji yakichemka yanapanda kama mvuke, chumvi na chokaa na chuma hazijui kuruka, zinabaki chini.

Nikaenda Jumapili. "Shangazi, nina ombi, niazime pipa lako na ile koili."

"Umeanza kunywa au umeanza kuuza?"

"Nataka kupika maji."

Akaniangalia muda mrefu. "Maji." Akamwita binti yake aje asikie. Walicheka mpaka wakakaa chini, lakini pipa nilipewa, lile dogo la lita 40, kwa sharti nilirudishe kabla ya sikukuu.

Mafunzo yake yalikuwa ya bure na ndo yamenisaidia kuliko kitu chochote nilichosoma. Usijaze pipa, theluthi mbili inatosha, manake likijaa povu linapanda na bomba. Moto usiwe wa hasira. Kile cha kwanza kutoka ni kikali, mwaga. Cha mwisho nacho kibaya, acha, usikaushe pipa. Na kamwe, kamwe usizibe njia ya mvuke, unga wa muhogo unaozibia maungio uwe laini, likitokea la kutokea uruke wenyewe kabla pipa halijaruka. Mimi kichwani nikasema hayo ni ya waragi, mimi napika maji. Kumbe maji nayo yana kichwa na mkia. Cha mwanzo kinatoka na gesi na vitu vyepesi vinavyoruka mapema, kama ile harufu ya klorini ya bomba, amonia kama chanzo chako kina uchafu wa wanyama, na kinasuuza bomba lako pia. Cha mwisho, pipani pamebaki maji mazito ya chumvi yanayorukaruka na kugandisha chokaa ukutani. Sasa hivi kwa pipa lenye lita 27 za maji ndani namwaga lita moja ya kwanza na nazima moto zikibaki kama lita tano.

Mara ya kwanza nilipika uani usiku sababu niliona haya, majirani wakaja wakidhani kuna waragi. Nikawapa waonje. Hawajarudi.

Basi, tone la kwanza, la pili, chupa ikajaa, nikachovya mita: 3. Bwana nilirukaruka uani kama mtoto. Kutoka 74 mpaka 3 kwa pipa la waragi! Nikaenda kulala nimeshakuwa tajiri. Asubuhi nikafungua chupa nimwonyeshe kijana wangu wa kazi, akanusa, akanusa tena, akasema, "Boss, hii ni ya shangazi."

Ilikuwa inanuka waragi. Si kidogo. Na mita bado inasema 3.

Hapo ndo nilielewa kwamba sijui ninachopima. Kuna mwalimu wa maabara wa sekondari moja hapa mjini, huwa namtengenezea inverta, nikampelekea chupa na swali. Hakunijibu. Alichukua glasi ya maji niliyopika akaweka vijiko vitatu vya sukari, akakoroga, akaniambia pima. Nikapima. 4. Glasi ya sukari tupu, ungeweza kuwapa nyuki, na mita inasema safi. "Hii mita yako haihesabu uchafu," akasema, "inahesabu umeme. Inapitisha mkondo kidogo kati ya hivi vipini viwili, kama maji yana chumvi iliyogawanyika chembe zenye chaji mkondo unapita, halafu ndani mna hesabu inageuza huo mkondo kuwa namba ya miligramu, kwa kukisia. Sukari haina chaji. Pombe haina chaji. Mafuta, dawa za wadudu, bakteria, hiyo mita vyote haivioni."

Na pombe kwa betri si mchezo, kwenye sahani ya chanya inaoksidishwa, yaani inaunganishwa na oksijeni, inakuwa asidi ileile ya siki, na hiyo inakula risasi, madini ya hizo sahani. Ningeziua betri za msikiti mara ya pili, na safari hii kwa maji ya namba 3, na tena kwa pombe, msikitini. Hebu fikiria hayo maelezo mbele ya sheikh.

Pipa nikalichemshia maji matupu mara nne, nikamwaga yote, koili nikaipitisha siki ya moto na maji. Harufu ikaisha mara ya tatu, ya nne ilikuwa ya woga tu. Mwalimu akanifundisha kipimo kingine cha vitu ambavyo mita haivioni, cha pamanganeti, ile unga wa zambarau unaouzwa duka la dawa za mifugo. Unachukua maji, unatia asidi ya salfa iliyozimuliwa, unadondosha myeyusho mwepesi wa pamanganeti mpaka yawe na rangi ya waridi kwa mbali, unachemsha dakika tano. Kama maji hayana vitu vya kuoksidishwa ule uwaridi unabaki. Kama yana pombe au uozo wa majani, rangi inakufa. Yale maji yangu ya kwanza rangi haikumaliza hata dakika. Huwa nafanya hiki kila nikibadilisha kitu kwenye mtambo, si kila siku, siwezi kukudanganya.

Kingine alichonionyesha ni nitreti ya fedha. Matone mawili kwenye maji ya bomba, pakatokea ukungu mweupe kama maziwa yamemwagika humo, hiyo ni kloridi. Kwenye ya kwangu, kimya, maji yakabaki maji. Hiyo dawa ni ghali na ukiigusa ngozi inakuwa nyeusi siku kadhaa, nina ushahidi wa kidole. Ila kloridi ndo adui wa betri kwa hiyo kipimo hicho nakiheshimu kuliko vyote.

Na kwa asiye na mita wala dawa kuna cha kimasikini. Tone moja kwenye kioo safi, liache likauke kivulini. Maji ya kisima yanaacha pete nyeupe. Maji mazuri hayaachi kitu, au kivuli hafifu cha kutafuta na tochi. Hakitakwambia 2 au 8 lakini ile ya 118 ya dukani ingenaswa siku ya kwanza, hela yangu ingebaki mfukoni.

Nilimuuliza mwalimu, sasa safi kabisa ni ngapi? Akanieleza kwamba wenye maabara hawatumii ppm, yaani hizo miligramu kwa lita, wanatumia maikrosimens kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, na mita yangu huwa inachukua hiyo namba inaigawa karibu na nusu. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 3696 cha mwaka 1987, kinagawa maji ya maabara madaraja matatu, la tatu lisizidi 5, la pili 1, la kwanza 0.1. Maji yasiyo na chochote ndani isipokuwa maji yenyewe ni 0.055 kwenye joto la digrii 25, chini ya hapo huwezi kwenda, manake maji yenyewe yanajigawa kidogo kuwa chembe zenye chaji. Mjerumani Friedrich Kohlrausch na mwenzake Adolf Heydweiller waliikaribia namba hiyo mwaka 1894, wananereka na kunereka tena na kuyaficha hewa. Mimi na pipa langu la uani naishia daraja la tatu siku mbaya na kuchungulia la pili siku nzuri, na kwa betri inatosha na kubaki.

Kuyaficha hewa, hilo nilidhani ni madoido ya Wazungu mpaka likanikuta. Nilinunua karatasi za kupima asidi, nikapima maji yaliyolala kwenye beseni wazi, zikaonyesha kati ya 5 na 6 (7 ndo katikati, chini ya hapo ni asidi). Nikasema nimekwisha, maji yangu yana asidi, siki ya koili haikutoka. Nikaosha kila kitu upya siku nzima. Bado. Kumbe ndo kawaida. Maji safi yakikaa wazi yanavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, yanatulia kama 5.6, na hayana chumvi ya kuyazuia kwa hiyo kiasi kidogo tu kinayageuza. Mtu akikwambia maji yake yaliyonerekwa ni 7 kamili kila siku, ama ameyapima palepale yakitoka ama karatasi zake zimezeeka.

Haya, kosa la moto. Kuna wiki nilikuwa na oda ya kibanda cha mpira, wale wa kuonyesha ligi, betri nane, na msimu unaanza Jumamosi. Nikaongeza kuni, nikajaza pipa karibu na mdomo, nikajiambia theluthi mbili ni za waragi. Matone yakawa mkondo, nikafurahi. Nikapima, 61. Maji yalikuwa yanachemka kwa fujo kiasi kwamba vitone vyenyewe vya maji machafu vinabebwa na mvuke vinavuka bomba bila kuwahi kuwa mvuke. Unaona kama umenereka na hujanereka, umehamisha tu. Nilimwaga lita tisa nikilia moyoni, kuni zilikuwa za elfu kumi. Baada ya hapo nikamwambia fundi wa kuchomelea aongeze bomba la kupanda wima kama mkono mzima kabla ya kukunja, vitone vizito vinashindwa njiani vinarudi. Moto mdogo, bomba refu, pipa theluthi mbili. Shangazi nilipomsimulia alisema tu, "Nilikwambia," na akaendelea kumenya muhogo.

Fundi huyohuyo alitaka nitumie radieta ya gari badala ya koili, eti inapoa haraka na anayo ya bure. Wapo wapika waragi wanaofanya hivyo na mimi naomba mtu asiniletee waragi hiyo. Radieta nyingi za zamani zimelehemiwa kwa risasi, na ndani mna mabaki ya zile dawa za kupozea injini. Mvuke wa moto na maji yasiyo na kitu vinalamba vyote hivyo. Hata koili ya shaba niliiacha baadaye, maji safi yanachomoa shaba kidogo kidogo na shaba haitakiwi ndani ya betri, nikaweka bomba la stili isiyoshika kutu, ghali lakini nililipa mara moja.

Kuchomoa huko ndo kitu ambacho kimenisumbua kuliko kupika kwenyewe. Nilipata maji ya 1, moja!, nikayaweka kwenye jerikeni iliyooshwa vizuri na sabuni, nikasuuza na maji ya bomba, nikafunga. Siku mbili baadaye mteja anachovya mita yangu mbele yangu, 22. Nilimwona anavyoniangalia, ni vile nilivyoiangalia ile chupa ya dukani. Sikuwa nimemwibia, ila ningemwelezaje? Maji yasiyo na kitu yana njaa. Yakikuta mabaki ya sabuni yanakula, yakikuta ndoo ya bati yanakula zinki, kioo chenyewe kinatoa sodiamu polepole yakikaa sana, ukichovya kidole umeyapa jasho lako. Na yale matone ya maji ya bomba yaliyobaki baada ya kusuuza yalikuwa na chumvi zake. Sasa chombo kipya nasuuza mara tatu na maji yaleyale niliyoyapika, inauma kumwaga lakini namwaga, ni plastiki ngumu nyeupe tu, haitumiki kwa kazi nyingine, na kijana wangu akionekana anachota maji ya kunywa kwa jagi lile tunagombana. Tunapima mara mbili, kwenye mdomo wa bomba na kwenye chombo kabla ya kuuza, na ya pili ndo namba ninayoandika kwenye lebo, pamoja na tarehe. Na tunapima yakiwa yamepoa. Maji ya moto yanapitisha umeme zaidi, karibu asilimia mbili kwa kila digrii, na zile mita za bei yangu hazijui kusahihisha vizuri.

Kitu kingine cha kuchekesha, nilinunua kipimajoto kizuri, nikakiweka kwa maji yanayochemka kabisa, kikagoma kwenye 96. Nikamrudishia muuzaji kwa kelele. Akanipa kingine, 96. Muuzaji akaanza kunikwepa. Arua tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda juu hewa inapungua uzito kwa hiyo maji yanachemka mapema. Ile 100 ni ya Mombasa. Vipimajoto vilikuwa salama na mimi nilikuwa sijasoma jiografia, nikaenda kuomba radhi na katoni ya soda.

Watu huuliza kama yanaweza kunywewa. Maji yaliyonerekwa si sumu, hayana ladha tu na hayana madini, lakini yale ya kibandani kwangu yanakaa karibu na asidi ya betri kwa hiyo jibu langu ni hapana na jerikeni zina alama ya fuvu. Swali gumu lilikuja kutoka kliniki moja ndogo. Sista alianza kununua kwa ajili ya ile mashine ya mvuke wanayochemshia vifaa, na hapo maji yangu ni mazuri sana manake maji ya bomba yanaigandisha chokaa. Akanunua miezi mitatu. Halafu siku moja anasema, "Kaka, dawa za unga za sindano tumeishiwa maji yake, haya si yamechemshwa, yako safi?"

Nilikataa na alinuna. Safi kwa mita na safi kwa mshipa wa mtu ni vitu viwili. Maji yanatoka kwa mvuke hayana kijidudu, sawa, lakini yanadondokea kwenye hewa ya uani, kwenye jerikeni, yanakaa wiki. Nimeshaona jerikeni ya maji ya 2 niliyoisahau juani imeota ukijani ndani, mwani unakua kwenye maji ambayo mita inayaita safi. Maji ya sindano yanatengenezwa na kufungwa yakiwa yametakaswa, na yanapimwa hata mabaki ya bakteria waliokufa sababu hayo mabaki peke yake yanaleta homa. Mimi nina kalamu ya kuchovya na pua. Nilimwambia, sista, kwa betri nitakupa hata bure, kwa mgonjwa usinitaje. Alirudi baadaye kununua ya mashine kama kawaida na hatukuongelea tena.

Hesabu ya hela siwezi kuificha, wengi mnaniandikia mkitaka kuanza biashara. Kugeuza lita moja ya maji ya kawaida kuwa mvuke wote kunakula karibu robo tatu ya yuniti ya umeme, na hiyo ni kama hupotezi joto popote, kwa kuni unapoteza zaidi ya nusu. Ila kilichonipiga ni maji ya kupozea. Joto lote ulilotia linatakiwa litoke tena, kwa hiyo lita moja ya maji ya betri inapasha moto lita 15 mpaka 20 za maji ya kupozea. Mwezi wa kwanza nilikuwa nanunua jerikeni za maji kwa boda na namwaga yakiwa ya moto mtaroni, mpaka mama muuza chai wa jirani akaja akasema huo ni wazimu. Siku hizi anachukua yale ya moto ya kuoshea vyombo na kuanzishia chai, vijana wa kuosha pikipiki wanachukua yanayobaki, na mimi wananichotea mengine. Kuna wenye mitambo ya kuchuja ioni, zile chembe zenye chaji, kwa vichungi vya punje, ni rahisi zaidi kwa nishati na namba zao ni nzuri kuliko zangu, lakini zile punje zikijaa lazima uzibadilishe na haziondoi sukari wala pombe, na hapa Arua kuni napata leo, punje nitangoja basi.

Betri mpya za msikiti, nilichangia nusu ya bei, zina mwaka wa tatu sasa. Kila mwezi nafungua vizibo sheikh akiwa amesimama pale, na huwa anaomba ile kalamu achovye mwenyewe.

Pipa la shangazi nililirudisha sikukuu imeshapita, pamoja na jerikeni moja ya maji niliyoyapika kama shukrani. Akayaonja, akatema. Akauliza nauza lita bei gani, nikamwambia elfu mbili na mia tano. Akakaa kimya akihesabu.

"Kuni zilezile, moshi uleule, na unauza chini ya waragi," akasema. "Halafu wewe ndo uliyesoma."